Mama Alimwonyesha Wifi Ufizi Wake

Jumamosi, 22 Aprili 2006. Hapa Tukuyu mvua inanyesha tangu alfajiri, na mimi nina wivu. Naliandika hili mwanzoni ili nisijidanganye baadaye.

Sukari ya mama imekuwa juu miezi mitatu sasa. Vidonge anameza, chai anakunywa bila sukari. Kila akienda kliniki anagombezwa. Mimi niliyesoma nikamtafuta mwenye kosa, nikampata: Atupele, mke wa kaka yangu, anayeishi na mama kijijini Masoko. Ndiye anayempikia mbalaga, ndizi zetu za kupika, na siku hizi alikuwa akizipondaponda ndizi zile kama chakula cha mtoto. Nikasema moyoni, anayemdekeza hivi hakosi kumpa na ndizi mbivu kwa siri.

Wiki iliyopita nilimwambia mbele ya jirani, "Wifi, utamuua mama kwa mapenzi." Aliendelea kumenya ndizi.

Jana akamleta mama mjini, moja kwa moja kwa daktari wa meno. Mimi nilipewa habari baadaye. Nilipofika, mama alikuwa amefunua kinywa. Ufizi umevimba, umeachana na meno. Ukiguswa unatoa damu na usaha.

Daktari alisema hicho ni kidonda kama kidonda kingine. Uambukizo ukikaa mdomoni unaipandisha sukari, na sukari ikipanda ufizi unazidi kuharibika. Akakwangua ukoga upande mmoja. Upande wa pili ni Alhamisi. Kisha akauliza nani aligundua.

"Huyu," mama akasema, amemshika Atupele mkono. "Aliona damu kwenye gunzi la hindi. Nikamkataza kusema."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi, mwanawe.

"Wewe ukiambiwa jambo unafundisha. Huyu akiambiwa anaponda ndizi."

Atupele akacheka. "Wifi, njoo Jumapili nikuue na wewe kidogo."

Nilicheka pia. Kicheko changu kilikuwa cha uongo.

Ningepaswa kufurahi kwamba chanzo kimeonekana. Lakini kinachoniuma si kwamba nilikosea. Kinachoniuma ni kwamba mama alikuwa na maumivu, akachagua wa kumfunulia kinywa, na hakunichagua mimi.

Kesho baada ya ibada nitakwenda Masoko kumwomba Atupele radhi, na jirani yule asikie. Hilo nitaliweza. Lakini je, nitaweza kukaa jikoni kwao nikiwa kimya, mpaka mama mwenyewe aone kwamba na mimi naambilika?