Gari Lililopita Mtito Andei

Mjukuu wangu Mutua,

Nakusalimu kutoka Zombe. Nyanya yako amepona goti na tumeanza kupanda shambani.

Unauliza kama nakumbuka gari la mbio lililopita Mtito Andei, kwa sababu kuna mtu anataka kukuuzia akisema ndilo hilo. Nalikumbuka.

Nilikuwa fundi kijana kwenye gereji huko. Lilifika likiwa limepasuka chasisi, nikaichomelea mwenyewe, chini ya kiti cha dereva. Miaka michache baadaye, mzee mmoja alileta gari la kuuza, la rangi ile ile na lenye namba ile ile kwenye mlango wake, akisema ndilo lile la mbio. Watu walilizunguka wakilipapasa. Mimi nikaingia chini.

"Unatafuta nini huko?" mzee akaniuliza.

"Kazi yangu," nikamjibu.

Haikuwepo. Chasisi ilikuwa haijawahi kuguswa. Mzee alinikazia macho, nami nikanyamaza kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu kwa umri. Wiki hiyo rafiki yangu Nzioka aliuza ng'ombe wake akalinunua. Mpaka leo sijapata namna ya kumwambia.

Kwa hivyo ingia chini kwanza, utafute pale nilipochomelea. Usipopaona, sema, hata kama mwenye gari ni mtu wa kuheshimiwa.

Babu yako,
Muthui