Kaka Anaomba, Lakini Haniombi Mimi

Mshauri mpendwa, shikamoo, nisaidie maana kichwa changu kimegoma. Mimi ni fundi cherehani, nashonea chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia mama, mimi na kaka yangu seremala, na siku kumi zilizopita mtu wa mahakama akaniletea hati ya madai, kaka amenishtaki anataka nitoke chumba hicho, nikaisoma mpaka mwisho nikakuta “Mdai anaomba”, mshauri, kaka yangu anaomba! mtu ambaye tangu utotoni hajui kusema naomba maji, kwake ni lete tu, basi nikalia, nikaona kumbe moyo umelainika, nikazima cherehani nikamfuata karakana.

“Kaka, ombi lako nimeliona,” nikamwambia. “Njoo tugawane chumba.”

Akaweka randa chini. “Nani kakuomba wewe?”

Nikamwonyesha karatasi. Akasema, “Toka, nina kazi.”

Sasa anaomba au haombi? Shoga yangu anasema ombi si amri, nikae kimya, lakini karatasi inasema nijibu ndani ya siku kumi na nne, na mimi naogopa kumkatalia mkubwa wangu.

Fundi Niliyechanganyikiwa

Marahaba, mdogo wangu. Pole, ila umenitia hasira. Kaka yako anaomba kweli, lakini anayeombwa ni hakimu. Kwenye hati ya madai, “maombi” ni orodha ya yale mdai anayotaka mahakama iamuru. Neno hilo limetoka zamani, haki ilipokuwa mikononi mwa mtawala na mwenye shida akaenda kumwangukia miguuni. Magoti yamekwisha, neno limebaki. Halina unyenyekevu wowote kwako, na najua hilo litakuuma.

Huyo shoga yako mwache na ushauri wake! Ukikaa kimya, hakimu anaweza kumpa kaka yako alichoomba bila kukusikia. Na kujibu si utovu wa adabu. Mahakama imekuita, itika.

Kesho asubuhi usishone. Nenda ofisi ya msaada wa kisheria na karatasi zote, za mama zikiwemo. Wakusaidie kuandika utetezi, na mwishoni uweke maombi yako mwenyewe: madai yatupwe, ubaki chumbani. Upeleke kwa karani kabla siku hazijaisha, na usitoke pale bila nakala yenye muhuri.