Mpini wa Bi Somoe

Shikamoo, baba yangu. Najua hutaitikia. Ninakuandikia kwa sababu kuna neno nilishindwa kukwambia ulipokuwa hai, na sasa linanitafuna. Barua hii nitaisoma mbele za watu, kwa kuwa uliyoyabeba uliyabeba mbele za watu.

Unakikumbuka kibanda chetu pale Kilwa Masoko? Mama alikuwa ameshatangulia, nami nikitoka shule nilishinda na wewe. Ulinyoa vichwa na ndevu, lakini kilichokupa jina ni mipini. Watu walikuletea nyembe za kukunja za wazee wao, mipini yake ya mfupa na ya pembe imegeuka manjano kama meno ya mla tumbaku. Uliisugua kwa jani la msasa, ukaipaka majivu laini na ndimu, ukaifuta, ukaipaka mafuta ya nazi, ukaiacha kivulini siku mbili. Niliwahi kukuuliza mbona huianiki juani ikauke upesi.

"Mfupa haupelekeshwi, mwanangu," ulinijibu. "Ukiupelekesha unapasuka."

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Madukani pakajaa kila kitu, na nyembe za plastiki za kunyolea na kutupa zikawa zinaning'inia mlangoni kama shanga. Ndipo yakaja na yale maradhi ya Ukimwi, watu wakaogopa wembe uliopita kichwani kwa mwenzao. Uliwafutia kwa spiriti mbele ya macho yao, wakasema ahsante, wakaenda zao. Wewe ukashikilia kwamba tatizo ni rangi. "Wakiuona mpini mweupe watajua wembe ni safi." Ukawa unasugua mipini yako mwenyewe asubuhi mpaka jioni, hata mingine ikabaki myembamba kama ukucha. Nilikutazama, baba, nikaogopa.

Ndipo akaja Bi Somoe wa kijiji cha Mitole. Alifungua pindo la khanga akatoa wembe wa marehemu mumewe, aliyeununua zamani akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mpini wa mfupa ulikuwa umeiva weusi. Mwanawe alikuwa anaoa, na alitaka siku ile anyolewe kwa wembe wa baba yake.

"Nakuachia amana, Selemani. Ijumaa nitaufuata."

Sikuwa nimekuona umefurahi vile tangu mama afariki. Uliimba. Lakini weusi ule ulikataa, na Alhamisi ukatoka kwenda kutafuta majani mengine ya msasa, uso umekusawijika. Nami nikataka kukuokoa. Nilibandika sufuria, nikamimina maji na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, maji yalipotokota nikautumbukiza wembe. Nilipoutoa, mpini ulikuwa mweupe kama chokaa. Nilicheka peke yangu. Ulipoanza kupoa mkononi mwangu, nikasikia: tak! Ulipasuka kutoka kwenye msumari unaoushika wembe mpaka mwisho.

Uliporudi hukunipiga. Laiti ungenipiga! Uliuliza tu, "Nani mwingine ameona?"

"Hakuna mtu, baba."

"Basi nyamaza."

Ijumaa Bi Somoe alipokuja ulisimama ukampa kwa mikono miwili. "Nimeuharibu mimi, Bi Somoe. Macho na mikono vimechoka. Nisamehe."

"Selemani! Nilikuachia amana!" Aliukumbatia ule wembe kama mtoto, akaondoka analia barabarani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa na miaka kumi na minne, ulimi ninao, na sikusema.

Baada ya hapo hakuja tena mtu wa Mitole. Wa kijiji cha Miteja nao wakakoma. Ukafunga kibanda ukaenda kulima mihogo na mikono ile isiyozoea jembe, na watoto wa mtaani wakakuita Selemani Vunja. Siku ya mwisho ya ugonjwa wako nilikaa kitandani pako nikafungua kinywa niseme, ukaniomba maji. Niliporudi na kikombe, ulikuwa umekwenda.

Nimeolewa, nimezaa, na kila mtu akimtaja baba yake kwa wema mimi hutoka nje. Nikimswalia Mtume na kukuombea dua, naikatiza njiani. Sasa wiki iliyopita nilipanda lori nikaenda Mitole. Nilimkuta Bi Somoe yu hai, amekaa mkekani anachambua mbaazi, macho yamefifia.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni binti wa Selemani kinyozi. Wembe wako niliuharibu mimi. Baba hakuugusa."

Mikono yake ikatulia ndani ya ungo. Kisha akajishika kichwa. "Yallah! Mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwakataza watu. Hapa na Miteja. Niliwaambia mtu yule ni mharibifu, msimpe kitu. Mbona hukusema, mwanangu? Mbona hukusema?"

Nilikaa kando yake mkekani, baba. Tulilia wote wawili, na sijui nani alikuwa akimwomba nani msamaha, maana mwenye kusamehe hakuwapo.

Alipotulia akaanza kuwataja aliowaambia, mmoja mmoja, akihesabu kwa vidole. Huyu amekufa. Huyu amekufa. Huyu alihamia Lindi, hakuna ajuaye aliko. Walikuwa wengi, na waliobaki ni wawili tu, mzee mmoja wa hapo Mitole na mwanamke mmoja Miteja. Bi Somoe akaukung'uta ungo, akasema, "Nitafutie fimbo yangu. Tuanze na huyu wa karibu kabla naye hajatutoka."

Nilimshika mkono tukatoka. Anakwenda polepole sana, baba.

Ni mimi, binti yako, uliyeninyamazia.