Sauti Kutoka Bondeni

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, na pokea shikamoo nyingine ya mwezi uliopita ambayo sikuileta. Magoti yanasemaje? Na dada, bado amekununia kwa ajili ya wale kuku, au mmeshapatana? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na misumeno ya kambi nzima inapita mikononi mwangu kunolewa. Wapasua mbao wameacha kuniita binti. Siku hizi ni fundi.

Nina habari, Mama. Isome ukiwa umekaa.

Wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, ukungu ulishuka ghafla hata miti hatukuiona. Msimamizi akasimamisha kazi, tukajibanza bandani. Mara sauti ikasikika kutoka bondeni. Ilimwita msimamizi kwa jina. Ikanyamaza, kisha ikamwita dereva wa trekta. Watu wakaganda. Unajua mwenyewe kwa nini, maana ndiwe uliyetulea na maneno hayo: msitu una mwenyewe, naye hujifunza majina ya watu, na anayeitika haioni tena njia ya nyumbani. Msimamizi, pande la mtu vile, alitia vidole masikioni akatuamuru sote tuzibe.

Nilitii, lakini vidole vyangu ni vyembamba. Nikaisikia ile sauti inaanza kutukana. Ilisema sisi ni mbwa tusio na shukrani, kila siku tunashiba kwa jasho lake na leo tunajifanya viziwi. Nikamwambia dereva kwamba zimwi hili lina mdomo wa mpishi wetu. Akanijibu kuwa huo ndio ujanja wake, huiga watu. Nikamuuliza mpishi mwenyewe yuko wapi. Wakatazamana. Kila mmoja alidhani amejilaza jikoni.

Nikakimbilia jikoni. Moto ulikuwa umefifia, na panga la kuni halikuwepo. Niliporudi niliwaambia hivi: kama ni zimwi, litanila mimi peke yangu, kama ni mpishi, aibu tutaila sote. Nikasimama mlangoni nikapaza sauti: "Tumekusikia! Endelea kuita!" Mzee mmoja akaanza kunililia kana kwamba nimeshakufa. Nikafunga ncha ya kamba ya kuvutia magogo kwenye nguzo, nikashika iliyobaki, nikaingia ukunguni. Sikufika mbali kabla ya kuhisi kamba inatikisika. Dereva alikuwa ananifuata huku akinong'ona dua, na nyuma yake msimamizi.

Tulimkuta mpishi ndani ya shimo la zamani la kupasulia mbao, ambalo magugu yalikuwa yamelificha. Mguu ulikuwa umevunjika na maji yalimfika kiunoni. Alitutukana mpaka tulipomtoa, kisha akalia kama mtoto. Sasa yuko hospitali, anawagombeza wauguzi kuhusu chumvi. Shimo tumelifukia, na msimamizi ametoa amri mpya: ukiitwa msituni, itika, kisha nenda na mwenzako.

Hayo kambi nzima inayajua. Hili linalofuata nakwambia wewe tu.

Wenzangu walipombeba mpishi, nilibaki nyuma nikikunja kamba. Niliwasikia mbele yangu wakibishana nani ashike miguu. Ndipo nyuma yangu, kutoka ndani kabisa ya msitu, nikaitwa. Niliitwa taratibu, mara moja, kwa lile jina unaloniita wewe nyumbani. Hapa kambini hakuna alijuaye.

Sikukimbia, Mama. Nilifikiri, kama ni mtu, ana shida. Na kama si mtu, basi ana adabu, maana ameniita vizuri. Nikageuka, nikaitika "Abee" kama ninavyokuitikia wewe, nikangoja. Ukungu ukainuka polepole, nikaiona njia yote mpaka bandani.

Najua ulinikataza. Lakini nimeitika, na kesho naingia tena kazini kwa moyo mkunjufu. Usikeshe ukiniombea, lala, upumzishe magoti. Mwambie dada kuku ni wa wote. Jirani umpe salamu zake, na wewe zako ni zile zisizotoshea kwenye karatasi.

Ni mimi mwanao, na ni mimi kweli,
Kitindamimba wako