Viatu Ulivyompa Alida

Kwako Shangazi,

Alida alinipigia simu juzi kutoka Gitega. Alisema umekasirika, na kwamba unataka nikuombe radhi mbele ya ukoo kwa yale niliyoyasema siku ulipokuja Muyinga kutibiwa miguu. Nimelifikiria jambo hilo nikiwa kazini, nikalifikiria tena nikiwa nakula. Jibu langu ni barua hii, na nimemruhusu Alida amsomee yeyote anayetaka kuisikia.

Nianze na zuri, maana lipo. Nilipofika kwako Gitega kutoka kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Tanzania, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kirundi nilikijua nusunusu, Kifaransa ndiyo sikukijua kabisa. Ulinikalisha jikoni tukachambua maharage pamoja, ukanifundisha majina ya vitu kimoja kimoja, na nilipokosea ulicheka bila kunidharau. Nilikupenda siku zile. Ndiyo maana sikudai changu viatu vilipokuja.

Unavikumbuka. Vyeusi, vya ngozi, vyenye kifungo pembeni. Baba alivinunua Kasulu akampa dereva wa lori avilete, namba thelathini na tisa, na ndani ya kimoja aliweka karatasi yenye jina langu. Uliitoa ile karatasi, ukaikunja, kisha ukamwita binti yako Alida avijaribu. Vilimpwaya, ukajaza pamba kwenye ncha. Mimi nikapewa vyake vya zamani, thelathini na saba.

"Vinanibana, Shangazi."

"Miguu yako iko kubwa juu ya kutembea bila viatu kule kambini," ukaniambia. "Itazoea."

Miaka miwili nilitembea navyo kutoka kwako hadi shuleni Mushasha, kwenda na kurudi. Sugu ilianza kisiginoni, ngumu na ya manjano, na hiyo haikunisumbua. Kisha ikaja ile ya kidole kidogo. Hiyo ilikuwa na kiini katikati, kama punje ya mchele iliyosimama wima ndani ya nyama, na kila nilipokanyaga ilinichoma mpaka machozi yakanilenga. Wenzangu waliniiga ninavyochechemea. Jumapili Alida alikwenda kupokea komunyo amevaa viatu vyangu, nami nikainamisha kichwa, watu wakadhani nasali.

Nikiwa mwaka wa tisa wa shule, wiki moja kabla ya mtihani wa taifa, ulisema utanitibu mwenyewe. Ulichukua wembe, ukaniambia nitazame ukutani, ukakata mpaka damu ikatoka. Mguu ulivimba hadi kwenye kifundo. Siku ya mtihani nilikuwa kitandani, nikiwasikia wenzangu wakipita njiani. Uliniletea chai ukasema, "Bon, utafanya mwaka ujao." Mwaka ujao hukuungoja. Mara tu nilipoweza kusimama ulinipandisha basi la Muyinga, kwa baba, ambaye naye alikuwa amesharudi kutoka Tanzania na kuanza kulima.

Aliyeniponya si ndugu. Ni Mzee Saidi, fundi viatu wa pale mjini, aliyeniona nikipita nachechemea akaniita nikae. Aliushika mguu wangu kama anavyoshika kiatu, akaugeuza huku na huku.

"Mwanangu, nani alikuvisha hivi?"

"Shangazi yangu."

Akaenda kuchemsha maji. Alinifundisha kuloweka mguu mpaka ngozi ilainike, kusugua kidogo kidogo kwa jiwe, leo kidogo na kesho kutwa kidogo, na kutoshika wembe kabisa. Alikata kipande cha ngozi laini, akakitoboa katikati, akakibandika kidoleni ili kiatu kisiiguse sugu. Baada ya miezi michache kile kiini kikalegea na kutoka. Sikuondoka tena pale. Nikajifunza kazi ya kutibu miguu, na sasa nina chumba changu kando ya kibanda chake, na benchi nje. Hata manesi hunitumia watu.

Ndipo ukaja wewe, Shangazi, na Alida amekushika mkono. Ulikuwa umesikia huko Gitega kuwa Muyinga kuna mwanamke anayejua miguu. Nilikusalimia kwa heshima. Nilikuuliza kama una ugonjwa wa sukari, ukasema huna. Nikakuwekea miguu yote miwili kwenye beseni, mlango uko wazi, watu sita wamekaa benchini. Ungenyamaza, ningekutibu, ungekwenda zako. Lakini uliwageukia.

"Huyu ni mimi nilimlea," ukawaambia. "Nilimvalisha, nilimsomesha. Angalia leo iko nani."

Mguu wa kulia nilikuwa nimeshaumaliza. Wa kushoto ulikuwa bado majini. Niliweka jiwe chini, nikawaeleza watu wale vizuri, bila kupaza sauti: viatu vilikuwa vya nani, namba ngapi, nani alivivaa, na wembe. Ulitaka kuinuka, na hukuweza. Mama mmoja muuza ndizi akamuuliza Alida kama ni kweli. Alida akasema, "Ni kweli. Hata karatasi niliiona."

Kisha niliutoa mguu wako wa kushoto majini, nikaukausha, nikausugua kwa uangalifu uleule. Ngozi isiyo na sugu hata sikuigusa. Ulilia, nami nikaendelea na kazi. Nitakuambia ukweli, Shangazi: nilifurahi. Nimeishi na furaha ile tangu siku hiyo na haijapungua.

Kwa hiyo radhi sitaomba. Lakini mguu wa kushoto haujaisha. Kidole cha nne kinahitaji kuangaliwa tena, ukikiacha kitaota sugu upya. Njoo siku yoyote, nitakupokea kama ninavyompokea kila mtu.

Ila ujue kwamba watu wa benchini sikuwamalizia habari. Sikuwaambia kwamba kabla hujanipandisha basi ulimpigia baba simu, ukamwambia nimekataa mtihani kwa uvivu. Nilimweleza ukweli mara nyingi, na mguu nikamwonyesha. Hakuniamini, kwa sababu wewe ndiye dada yake mkubwa, na tangu utoto wenu hakuwahi kukusikia ukisema uongo. Alikufa akiniita mvivu.

Hilo nimewahifadhia watu wa benchini. Ukija, usijisifu mbele ya watu kwamba ulinilea.

Mimi,
binti wa mdogo wako