Bakuli Lako la Maua

Mama Kulwa, mke wangu,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa lile darasa langu la pili ulilokuwa unalicheka. Binti yetu Kulwa alitaka aniandikie, nikamkatalia. Akitaka aisome, na majirani wa Buhongwa waisome, huenda ikawafaa.

Nimeshtuka, mama. Tangu juzi sijakaa sawa.

Unakumbuka wakati wa korona, kifua chako kilivyokuwa kinabana? Kulwa akaamua tule mbalimbali, wewe na bakuli lako la bati lenye maua, mimi na sahani yangu. Miaka yote tunakula chombo kimoja, leo tunatazamana kama wageni. Na mimi kila wiki navuka ziwa kwa kivuko cha Busisi kwenda minadani. Unanijua, kumpima ng'ombe uzito kwa macho hajatokea wa kunishinda, mpaka leo hayupo.

Chanjo ilipokuja watu waligombana pale centa, madukani. Huyu anasema ni maji matupu. Yule anasema ukichanjwa huugui wala huambukizi mtu. Nikaona huyo wa pili ndiye mwenye akili, maana alisema nilichotaka kusikia. Nikachanjwa wa kwanza kabisa, jicho sikufumba. Nikarudi nyumbani kadi nimeishika juu.

Ukaniuliza, "Na mimi nikachanjwe, Baba Kulwa?"

"Wewe unakwenda wapi? Anayetoka hapa ni mimi. Mimi ndio mlango wa nyumba hii, na mlango umeshapigwa kufuli."

Ukacheka. "Haya, mlango, njoo ule."

Bakuli lako nikalitumia kuwawekea kuku maji. Tukarudi chombo kimoja, nikafurahi kama kijana aliyeoa jana.

Halafu siku moja nikarudi kutoka ng'ambo nakohoa. Nikasema vumbi la mnada. Siku tatu tu kikohozi kikaisha. Ukaanza wewe. Chako hakikuisha.

Sasa sikia. Juzi nimekohoa tena, nikaenda zahanati. Nesi, binti mdogo tu, akaniamkia vizuri, akanipima, akasema, "Babu, una korona."

"Mimi? Umepima vibaya wewe. Nina kadi!" Nikaitoa mfukoni.

"Kadi ni nzuri, babu. Chanjo inasaidia usizidiwe, ndiyo maana umekuja kwa miguu yako. Lakini kuupata unaweza, na kumpa mwenzio unaweza. Inapunguza, haizuii kabisa. Ndiyo maana tunasema wachanjwe wote nyumbani, hasa mwenye kifua."

Nikakaa kwenye benchi. Nikamuuliza, "Na anayekula na mimi chombo kimoja?"

"Amechanjwa?"

Nikairudisha kadi mfukoni. Kisha nikamweleza yote. Akasema hakuna awezaye kuapa kwamba uliupata kwangu, wageni nyumbani walikuwa wengi, na kanisani ulikwenda. Mimi nimezoea kujua. Hili silijui, na sitalijua mpaka nakufa. Ninalolijua ni moja: uliniuliza, nami ndiye niliyekujibu.

Mdogo wako ndiye ananipikia siku hizi, na kifua chake ni kama chako. Nilipofika nyumbani nikamwambia akachanjwe. Akasema, "Si wewe umeshachanjwa, shemeji? Inatosha." Nikamfokea mpaka mwiko ukamdondoka. Halafu nikamwomba radhi. Wewe hukuwahi kunisikia nikiomba radhi, najua. Asubuhi yake akaenda na Kulwa, wamechanjwa wote wawili.

Bakuli lako nimelitoa kwa kuku, nimelisugua kwa majivu hadi maua yakaonekana. Sasa ni langu. Wanaliweka nje kwenye kigoda, wanasogea mbali nisiwaambukize, nami ndio nakuja kula. Chakula nakimaliza, usije ukasema nimekonda.

Lala, mama. Nikipona nitakuja kusafisha kaburi lako, na hayo mengine nitakuambia kwa mdomo, polepole, bila kujisifu.

Ni mimi mumeo,
Baba Kulwa