Kajiwe Kenye Mwalimu Anakatalia

Siku ya posho (Jumamosi), jioni

Eti mimi sijui Latini! Mimi mwenye nilifanya miaka mbili mu seminere, mupaka padri alikuwa ananiomba nimukumbushe maneno!

Leo ku salongo, ile kazi ya kijiji yote, tukichimba mitaro ya barabara, niliambia watu munganga amekuta calculus mu figo yangu. Mwalimu Safari akaangusha jembe, akacheka: "Papa Bahati, calculus iko hesabu ya iniversite! Imeingia mu figo namna gani?"

Nikamufasiria polepole, kama mutoto. Mu Latini, calculus iko kajiwe. Waroma walikuwa wanahesabu na tujiwe, njo watu wa hesabu wakachukua ile jina. Waganga wakaipatia jiwe ya mu figo, na wale wa meno wakaipatia uchafu wenye unakauka ku meno. Watu wote wakacheka pamoja na mwalimu, juu yeye iko na diplome.

Mimi nilibeba gunia ya kasiterite, yale majiwe ya bati, kilo mia, toka mugodi ya Omate mupaka Itebero, bila kupumuzika! Tuseme kilo makumi munane. Na tulikuwa wawili. Sasa kajiwe kadogo kama haragi kananipindisha mu kitanda.

Nilifika nyumbani ningali nabishana peke yangu. Mama Bahati akaniacha nimalize, kisha akauliza: "Na munganga alisema utapasuliwa siku gani?"

Siku ine nilikuwa namuficha ile habari ya kupasuliwa. Nikajibu: siku ya pili, Jumanne, ku hospitali ya Walikale. Naogopa kisu, nikamuambia na ile.

Akaanza kupanga nguo zangu mu sakoshi. Yeye hakucheka.